Kiingereza Chini ya Dawati

Jiwe lenyewe ni kokoto tu, ukubwa wa ndimu. Mwalimu ameliokota nje ya mlango wa darasa asubuhi, akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge, na sasa amelikalisha kiganjani kama sonara anayeonyesha mali. Tuko Kibaha, shule ya msingi ya serikali, darasa la tatu, si mbali na barabara ya Morogoro. Malori yanayotoka upande wa Ruvu yanasikika hadi ndani. Watoto ni zaidi ya 80. Dawati la watu watatu limekaliwa na wanne, na huyo wa nne amekalia upande mmoja tu wa makalio.

Mwalimu anaweka jiwe juu ya dawati la mbele. "On," anasema. Anangoja. Analichukua, anapiga magoti, analisukumia uvunguni. "Under." Anangoja tena. Darasa limenyamaza na yeye haonekani kusumbuliwa na ukimya huo. Hamwambii mtu arudie. Halafu analidondosha jiwe ndani ya sufuria aliyokuja nayo kutoka nyumbani, sufuria inalia, "In," na watoto wa nyuma wote wanasimama ili waone.

Ukimya ule ndio ulionishangaza. Mimi Kiingereza nilikianza kwa kelele. Mwalimu wetu aligonga ubao kwa fimbo, akasoma sentensi ya kitabu kilicho juu ya meza, "The book is on the table", nasi tukaipokea kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza mihogo wa nje ya uzio. Tuliimba hivyo muhula mzima. Ningeweza kuitamka sentensi ile usingizini, lakini nilikuwa nimeamini kwamba "izonza" ni neno moja, tena ni jina la kitu fulani cha Wazungu kinachopenda kukaa karibu na meza. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitabu kiko wapi. Kilikuwa mezani siku zote, na hakikuwahi kuanguka.

Huyu wa Kibaha kitabu chake kinaanguka. Baada ya jiwe anaita watoto sita mbele, anawapa kila mmoja daftari, na anaanza kutoa amri huku akizifanya yeye mwenyewe. Daftari juu ya kichwa. Daftari chini ya kwapa. Daftari ndani ya shati. Raundi ya kwanza anafanya pamoja nao. Raundi ya pili anaficha mikono mgongoni na kuwaachia maneno peke yake. Raundi ya tatu ndiyo niliyoifuata safari yote hii, maana nilikuwa nimesimuliwa: anaanza kuwadanganya. Mdomo unasema "under", mkono wake unapanda kichwani. Watoto wanne wanaufuata mkono, wawili wanalifuata neno, darasa zima linaangua kicheko, na wale wanne wanajicheka wenyewe na kushusha madaftari haraka. Hakuna aliyekaripiwa. Anasema tena, taratibu, anadanganya tena. Mara ya tatu amebaki mmoja tu wa kunaswa.

Nikamwuliza baadaye anaangalia nini wakati ule, maana macho yake hayakuwa kwenye madaftari. Akasema anaangalia shingo. "Anayejua hageuki," akanijibu. Mtoto ambaye hajaelewa humtupia jirani jicho kwanza, nusu sekunde, ndipo mkono uende. Katika kelele za kuitikia kwa pamoja mtoto huyo hujificha mwaka mzima. Katika amri ya kimyakimya shingo inamuumbua. Mwalimu haandiki popote. Anamkumbuka tu, na kipindi kinachofuata humpa zamu mapema, kwa neno rahisi, ili apate kuanza na ushindi.

Ana sheria moja: ukishafika ulipoambiwa, unabaki hapo mpaka uambiwe vingine. Siku ile alimwamuru mvulana mmoja akae chini ya dawati, kisha akavutwa na ugomvi wa penseli upande wa pili wa darasa. Kengele ikagongwa, ile rimu ya gari inayoning'inia kwenye mti, wenzake wakatoka mbio kwenda uji. Mvulana akabaki uvunguni, kidevu juu ya magoti, akingoja Kiingereza kimtoe. Mwalimu alipogundua alirudi mbio, akainama mpaka wakaonana uso kwa uso, akamwambia kwa heshima zote atoke. Alitoka akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Neno hilo sidhani kama atalisahau.

Vihusishi vya mahali vinahitaji sulubu yote hii kwa sababu Kiswahili chetu kina utaratibu wake wa mahali, na utaratibu huo ni mzuri mno kiasi kwamba mtoto haoni haja ya mwingine. Mtoto wa miaka minne wa Mlandizi anajua kwamba sukari imo koponi, dada yupo mlangoni, na mama yuko mjini. Hajafundishwa ngeli na mtu yeyote, lakini PA, KU na M anazipanga bila kukosea: mahali mahususi, mahali pa jumla, na ndani. Kiingereza hakina tofauti hiyo kwenye kitenzi chake. Chenyewe kinadai kitu kingine. Sisi tuna kiambishi kimoja, -ni, tunakibandika nyuma ya nomino na kazi imekwisha: mezani, majini, mlangoni, ukutani. Mwingereza anasimama mbele ya kila kimoja na kuuliza maswali. Je, kimegusa? Kimezungukwa? Kiko karibu tu? "Kitabu kiko mezani" anakipa "on". "Samaki yuko majini" anampa "in". "Mwalimu yuko mezani" anampa "at", na mtoto akikosea akatumia lile la kitabu, basi mwalimu ameshapanda juu ya meza na viatu vyake.

"Juu ya" nayo ina mtego. Paka yuko juu ya bati, na ndege ya abiria imepita juu ya bati. Kwetu maneno ni yaleyale na msikilizaji hutumia akili. Kwa Kiingereza paka na ndege ya abiria hawawezi kushika neno moja, kwa kuwa paka anagusa bati na ndege haigusi (na ikigusa ni habari nyingine). Mwalimu wa Kibaha hakulieleza hili kwa maneno hata kidogo. Aliwaambia waweke daftari kichwani na kuliachia, wakasikia uzito wake utosini. Kisha akawaambia walinyanyue kwa mikono miwili, hewa ipite kati yake na nywele. Neno likabadilika. Ubao ungechukua robo saa kueleza jambo ambalo utosi ulilielewa mara moja.

Hata "chini" ni ya kuangaliwa. Tunamwambia mgeni akae chini tukimaanisha aketi. Tunasema kalamu imeanguka chini tukimaanisha sakafuni. Kwa hiyo mtoto akiambiwa aweke kalamu "under" akaiweka sakafuni kando ya dawati, mahali peupe kabisa, hajakosa akili. Ametafsiri. Dawa yake ni kumfanya atambae.

Kisarawe nilikwenda wiki nyingine, nikipandia Pugu Kajiungeni, barabara ikikata kilima huku msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ukiwa upande mmoja na hewa ikianza kupoa. Mwalimu niliyemfuata huko ni kijana, anafundisha darasa la nne, na ana bahati ambayo mwenzake wa Kibaha hana: uwanja mpana wenye miembe na mikorosho ya zamani. Huyu darasa lake halikai. Aliwatoa nje wote, akasimama nao hatua 20 kutoka kwenye mwembe, akasema wasimame mbele ya mti. Kwa Kiingereza, bila ishara ya mkono.

Wakagawanyika. Nusu walisimama kati ya mwembe na mwalimu. Nusu nyingine wakaupita mwembe, wakasimama upande wa pili, na kutoka huko wakachungulia wakiwa na uhakika wote.

Mgeni angesema nusu hii imekosea. Lakini fikiria unavyomwelekeza mtu njia. Shuka kituoni, nenda moja kwa moja, utaona mwembe, mbele yake kidogo kuna duka la dawa. Duka hilo liko wapi? Ukishaupita mwembe! Mbele yetu ya safari ni huko tunakoelekea, na mti ukiwa njiani unaelekea huko pamoja nasi, unatupa mgongo. Mbele ya picha ni nyingine: ukipigwa picha mbele ya mti umesimama upande wa mpiga picha. Kiswahili kina "mbele" zote mbili na hakuna anayepotea. Kiingereza darasani kinataka moja, ile ya picha, ambamo mti umemgeukia anayeutazama.

Kijana yule aliwaita wote warudi bila kusema nani kapata. Akamsimamisha binti mmoja, akawaambia wapange mstari mbele yake, kisha nyuma yake. Rahisi, binti ana uso. Akaleta kiti: kiti nacho kina mbele, ni kule magoti yanakoelekea. Ndipo akaufuata mwembe, akatoa chaki mfukoni, akachora kwenye gome lake macho mawili na mdomo, upande unaolitazama darasa. Watoto wakashangilia. Sasa kila mtu alijua mbele ya mti ni wapi. Akawahamisha wote wakazunguka upande wa pili, wakakuta mti hauna uso huko, akauliza tena. Wakasita. Akauchora uso wa pili. Wakahamishwa upande wa tatu, na kabla hajatoa chaki msichana mmoja mfupi akasema, kwa Kiswahili, kwamba uso unatufuata sisi. Mwalimu akafuta nyuso zote kwa kiganja, akaendelea na somo kama kwamba hakusikia. Lakini alitabasamu, niliona.

Wanaisimu wa lugha za Kibantu wana maelezo yanayofanana sana na chaki ile. Wanasema "mbele" asili yake ni shina la kale lenye maana ya titi, kwa hiyo kifua. "Ndani" inatokana na neno la tumbo pamoja na -ni. Na "nyuma" ni mgongo. Yaani kabla ya kuwa vihusishi, maneno haya yalikuwa viungo vya mtu. Babu zetu waliipima dunia kwa miili yao, wakasahau, yakabaki maneno. Mwalimu anayemwambia mtoto asimame, ainame, ajibanze nyuma ya mwenzake hajaleta mtindo mpya kutoka ng'ambo. Anapita njia ileile ambayo maneno yetu yaliipitia.

Ng'ambo nao walifika huko kwa wakati wao. James Asher, mwanasaikolojia wa San José huko California, katika miaka ya 1960 aliwafundisha watu wazima Kijapani na Kirusi kwa amri tupu: simama, tembea, keti, ruka, bila kuwataka waseme neno. Waliposikiliza na kutenda, waliyashika maneno na kuyakumbuka. Mwaka 1977 alitoa kitabu juu ya mbinu hiyo na ikaenea duniani. Kabla yake, Harold Palmer na binti yake Dorothée walichapisha Tokyo, mwaka 1925, kitabu kizima cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo. Mwaka huohuo wa 1925 wamisionari Waanglikana wa UMCA walikifungua chuo cha Mtakatifu Andrea pale Minaki, Kisarawe, ambacho kwa miaka mingi kilitoa walimu. Kibaha nayo ina historia yake, kwani mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, ukakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, ndio uliozaa Shirika la Elimu Kibaha. Wilaya hizi mbili zimezoea watu wanaofikiria namna ya kufundisha.

Kipindi cha Kisarawe kiliishia kwenye kombolela. Mchezo ni uleule wa mitaani, mmoja anafumba macho, wengine wanajificha, ila sheria moja imebadilishwa: mlinzi haruhusiwi kusema "nimekuona". Lazima ataje mahali, kwa Kiingereza, na akikosea kihusishi aliyeonwa anabaki huru. Hapo nilishuhudia kitu ambacho sijakiona kwenye mtihani wowote. Mlinzi alitaja kwamba fulani yuko juu ya tangi la maji. Fulani alikuwa nyuma ya tangi. Akatoka huko akibisha kwa sauti, akimsahihisha mlinzi wake kwa Kiingereza kamili, sentensi nzima, kiima na kitenzi mahali pake. Maslahi yalikuwa yake.

Siyo kila mchezo ni kazi. Nimeona pia, na kwingi tu, wimbo wa vihusishi unaochezwa kwa mpangilio uleule kila siku: juu, chini, ndani, nje, mikono ikipanda na kushuka kama gwaride. Wageni hupiga makofi. Mwombe mwalimu abadilishe mpangilio, aanze na la tatu, uone mikono inavyogongana. Watoto wale wamejifunza ngoma. Ukitaka kujua kama mchezo unafundisha, tazama kama mtoto anaweza kukosea ndani yake. Asipoweza, ni burudani, na burudani nayo ina saa yake.

Yapo pia maneno ambayo mwili hauwezi kuyamaliza. Kwa nini abiria wa teksi yuko "in" na abiria wa basi yuko "on"? Mwalimu wa Kibaha alipowaambia, mtoto mmoja akauliza kama abiria wa basi wanakaa kwenye keria na mizigo. Hakuna mchezo wa kujibu hilo. Ni mazoea ya wenyewe, yanabebwa kama yalivyo. "At" ndiyo ngumu kuliko zote, na hapo alinifurahisha. Hakutumia jiwe wala sufuria. Aliandika ubaoni majina ya vituo vya basi vya Kibaha: Kwa Mathias, Kwa Mfipa. Akawauliza, dada yenu akiwa Kwa Mfipa, yuko juu ya Mfipa? Ndani ya Mfipa? Wakacheka hadi wakagonga madawati. Basi, akasema, "at" ni hiyo "kwa" yenu. Akagawa darasa pembe nne, kila pembe ikawa kituo, na watoto wakawa basi.

Lakini kwa watoto zaidi ya 80 huwezi kuwa na mabasi kila siku. Ukuta ni mmoja, jirani ni darasa la nne wanaofanya hesabu, na kipindi ni dakika 40. Hapo ndipo ufundi wake unapoonekana hasa, maana ameukunja uwanja mzima ukaenea juu ya dawati. Kila mtoto anapewa kizibo kimoja cha soda. Kizibo ni mtu. Daftari lililosimamishwa ni nyumba, rula ni barabara, kiganja kilichofumbatwa ni pango. Wawili wawili wanapeana mgongo: mmoja anaamuru kwa kunong'ona, mwingine anapanga, kisha wanageuka na kulinganisha. Mnong'ono wa watoto 80 unafanana na mvua ndogo juu ya bati. Kila jozi ikigeuka, palipopishana wanabishana wenyewe, na mwalimu anapita katikati akiwa ameinama, sikio karibu na midomo, haingilii ila akiitwa.

Mwanzoni niliona vizibo vile ni hila ya umaskini. Sasa naona ni bora kuliko uwanja. Uwanjani aliyesema ni mwalimu. Kwenye vizibo kila mtoto wa pili anasema, kwa wakati mmoja, na hakuna anayemsikia akikosea isipokuwa mwenzake.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umekirudisha Kiingereza darasa la kwanza, baada ya miaka ambayo kwenye shule za serikali kilikuwa kinaanza darasa la tatu. Na bado kidato cha kwanza ni kilekile: masomo karibu yote yanageuka Kiingereza siku moja, na mtoto anasimama maabara mbele ya maelekezo yanayotaka kitu kiwe juu ya moto bila kuugusa, kitu kingine ndani ya maji, kipimajoto kati ya viwili. Maneno ya herufi mbili hadi saba. Akiyachanganya, anaunguza vidole.

Mwalimu wa Kibaha huokota vizibo kwenye maduka na migahawa ya kando ya barabara, anavichemsha, anavinyoosha makali kwa nyundo, na kuvihesabu kila mwisho wa kipindi kabla kengele haijagongwa. Siku niliyokuwa pale vilikuwa 57. Watoto waliobaki walitumia punje za mahindi, ambazo huliwa. Kama una baa, genge au friji ya soda karibu na shule yoyote, usivitupe. Weka kwenye mfuko, mpelekee mwalimu wa darasa la tatu.